Taifodi Isiyotoka kwenye Damu

Mjomba wangu wa Handeni alikuwa akitunza karatasi zake za maabara ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya bima na risiti za duka la dawa. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta kwenye mkeka kivulini, amejifunika shuka mchana wa jua kali. Tulipomaliza tu kusalimiana akanipa karatasi iliyokuwa juu.

"Wanapungua, mjomba," akaniambia. "Mwezi wa tatu walikuwa mia tatu na ishirini. Safari hii wamebaki mia na sitini."

Alikuwa anawasema wadudu. Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya buluu: TO 1:160, TH 1:80, na chini yake mhuri wa kituo. Kwake yeye ile 160 ilikuwa hesabu ya wadudu wa taifodi waliokutwa kwenye damu yake. Wamekuwa nusu ya wale wa mwanzo, kwa hiyo dozi iliyopita imeua nusu na dozi ijayo itawamaliza. Ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi tisa kuambiwa ana taifodi. Homa ilikuwa inakwenda na kurudi, mgongo unamuuma, na usiku alikuwa analowa jasho mpaka shuka inabadilishwa.

Mjomba hakujitungia hayo. Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote, Tanga au Kisumu, Mwanza au Mombasa, utayasikia kabla zamu yako haijafika. Homa ikija ni malaria. Malaria isiposoma, ni taifodi. Mara nyingi ni zote mbili. Taifodi iko kwenye damu ya karibu kila mtu, na ikishaingia haitoki. Inalala tu, ukichoka inaamka. Juu ya yote hayo kuna kauli moja inayofunga mjadala: kipimo kimeonyesha, na kipimo hakisemi uongo. Hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu zile nyingine zote zimesimama juu yake.

Sisemi kwamba taifodi haipo. Ipo, na inaua. Husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi, anayetoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji au chakula. Kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki moja hadi tatu: homa inayopanda siku hadi siku, kichwa, tumbo, choo kigumu au kuharisha. Ikiachwa, kufikia kama wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo mgonjwa anahitaji upasuaji wa haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta taifodi iliyothibitishwa Kibera, Nairobi, ikiwapata watu 247 kati ya kila 100,000 kwa mwaka, wakati kwenye vijiji vya Lwak, magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Aliyewahi kuona mifereji ya Kibera hawezi kushangaa. Ni kwa sababu taifodi ni ugonjwa mzito ndiyo naona tumelidhalilisha jina lake kwa kulibandika kwenye kila homa tusiyoijua.

Hebu tuingie maabara tuone kinachofanyika. Mtaalamu anachukua damu yako na kuizungusha kwenye mashine mpaka chembe zishuke chini na majimaji ya manjano yabaki juu. Tone la majimaji hayo analiweka kwenye kibao cheupe, kisha anadondoshea dawa kutoka kwenye kichupa. Ndani ya kichupa mna bakteria wa taifodi waliokufa, waliotiwa rangi ili waonekane. Anachanganya kwa kijiti, anakiinua kibao na kukiyumbisha taratibu, kushoto na kulia, kwa dakika moja hivi. Mchanganyiko ukibaki laini, jibu ni hasi. Ukianza kujikata vipande vidogo vidogo, kama maziwa yanayoganda, jibu ni chanya.

Basi. Bakteria pekee walioonekana pale ni wale waliotoka kiwandani ndani ya kichupa. Wa kwako, kama unao, hakuna aliyewatafuta.

Kilichotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukikutana na adui. Tatizo ni kwamba askari hawa hubaki muda mrefu baada ya vita kwisha. Ukiwa uliugua taifodi miaka iliyopita, huenda bado unao. Ukiwa ulichanjwa, unaweza kuwa nao. Ukiwa ulikunywa maji yenye bakteria wachache wasiokuuguza, unaweza kuwa nao pia. Na kuna jamii kubwa ya bakteria wa tumboni, ndugu wa huyu wa taifodi, wanaofanana naye sura kiasi kwamba askari walioandaliwa dhidi yao humshika na huyu. Hata malaria yenyewe huuchokoza mwili ukamwaga kingamwili za kila aina, na ndiyo sababu moja ya watu wengi kuambiwa wana "malaria na taifodi" kwa siku moja. Kusoma kipimo hiki ni kama kulitazama kovu la chanjo begani: linakwambia kuna kitu kiliwahi kupita, halikwambii leo unaumwa nini.

Na zile namba? 1:160 maana yake majimaji ya damu yamezimuliwa mara 160 na bado yameweza kuwashika wale bakteria wa kichupa. Uzimuaji huenda kwa kuzidisha mbili: 20, 40, 80, 160, 320. Kutoka 320 hadi 160 ni ngazi moja tu, na ngazi moja inaweza kupotea kwa sababu ya jicho la msomaji, taa ya chumba, au aina ya kichupa kilichonunuliwa mwezi huo. Furaha yote ya mjomba wangu kwamba wadudu wamekufa nusu ilikuwa imejengwa juu ya ngazi hiyo.

Kipimo hiki kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Wakati wake kilikuwa hatua kubwa. Hakikuwa cha kibao cha dakika moja, kilifanywa kwenye mirija iliyoachwa kwa saa nyingi. Na hata kinapofanywa kwa utaratibu wake, kinataka damu mbili: ya kwanza leo, ya pili baada ya siku kumi hadi kumi na nne, ili ionekane kama kingamwili zimepanda walau mara nne. Sijawahi kumwona mtu aliyeambiwa arudi kuchukuliwa damu ya pili kwa ajili ya kulinganisha. Anayerudi, hurudi kwa sababu hajapona.

Sasa nije kwenye hoja ambayo watetezi wa kipimo huitoa kwa haki kabisa. Wanasema: hakuna kipimo kilichokamilika, hiki kinakosea mara chache, kwa nini tukitupe? Nawajibu kwa utafiti wa nyumbani, uliofanywa kwa watoto waliolazwa na homa katika hospitali moja ya Muheza, mkoani Tanga, ukachapishwa mwaka 2010. Pale kipimo kilifanywa kwa mirija, kwa uangalifu, na majibu yakalinganishwa na damu iliyooteshwa, yaani iliyowekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kuonekana. Kiliwakamata robo tatu ya watoto wenye taifodi. Kati ya wasio nayo, kiliwaambia ukweli 98 katika kila 100. Ukisikia hivyo unasema hiki ni kipimo kizuri. Lakini kati ya watoto wote ambao kipimo kilisema wana taifodi, waliokuwa nayo kweli walikuwa 26 tu katika kila 100.

Inawezekanaje? Jibu liko kwenye hesabu ya kawaida, na ningependa kila mtu anayesubiri majibu dirishani aielewe. Tuchukue watoto 1,000 wenye homa, na tuseme 10 kati yao ndio wenye taifodi, kwa sababu hata mahali ilipo, taifodi ni sehemu ndogo ya homa zote. Kipimo kinawakamata saba au wanane. Waliobaki ni 990 wasio na taifodi. Kosa la wawili katika kila mia linaonekana dogo, lakini kwa watu 990 linakuwa karibu watu 20. Kwa hiyo karatasi zilizoandikwa chanya ni kama 28, na karatasi za kweli ni saba au nane. Kadiri unavyompima kila mwenye homa, hata anayekohoa na kupiga chafya, ndivyo kundi la wasio nayo linavyokuwa kubwa, na ndivyo karatasi za uongo zinavyozizidi za kweli. Na hiyo ni mirija, kwa watoto, hospitalini. Kibao cha dakika moja, kwa mtu mzima aliyekunywa maji ya visima kwa miaka hamsini, sitegemei kifanye vizuri zaidi.

"Lakini mimi nilikunywa dawa nikapona." Hii ndiyo hoja inayowashinda wengi, maana mtu anasimulia mwili wake mwenyewe. Simbishii kwamba alipona. Naomba tu aangalie alipona lini. Taifodi ya kweli haina haraka: hata ukipewa dawa sahihi, homa huchukua siku tatu, nne, tano kushuka. Anayemeza vidonge usiku akaamka mzima asubuhi kuna uwezekano mkubwa alikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kinaondoka chenyewe, au paracetamol iliyokuwa kwenye bahasha ileile ndiyo iliyoshusha joto. Kati ya watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wenye malaria walikuwa asilimia 10.5, wenye taifodi asilimia 3.7. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wa watoto wote wale walikuwa na virusi. Virusi havijali dawa ya taifodi. Hupita kwa wakati wao, na sifa anapewa aliyeuza vidonge.

Hospitalini nako mambo si tofauti sana. Katika hospitali mbili za Moshi, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, madaktari walidhani ni malaria kwa zaidi ya nusu, asilimia 60.7. Ilipochunguzwa kwa kina, malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na mambo mengi, na mojawapo ndilo nitakaloishia nalo: magonjwa yatokayo kwa wanyama.

Kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Jina la taifodi likishaandikwa, mlango unafungwa, hakuna anayeendelea kuuliza. Mwaka 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuumwa homa, kichwa, kuishiwa nguvu, na wengine kutoka damu puani. Iliogopwa kuwa ni Ebola au Marburg, damu ikapelekwa kwenye maabara kubwa, na jibu likarudi: homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Kilichoifichua ni ile damu ya puani iliyotisha kila mtu. Ningependa kujua mgonjwa wa mgunda asiyetoka damu puani angeandikiwa nini. Nadhani najua. Chikungunya nayo ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani kwetu hapa, kwenye mlipuko wa 1952 huko Newala, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa tuliowapa wengine jina lake, sisi wenyewe tunauita malaria iliyojificha.

Na hilo la kujificha tulimalize. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole, ni kizuri kuliko Widal kwa mbali, kwa kuwa kinatafuta kitu cha kimelea chenyewe. Kikisema hakuna, kwa kawaida hakuna. Kosa lake la kawaida ni la upande wa pili: baada ya kutibiwa na kupona, mabaki ya kimelea hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, na kipimo kikirudiwa kinaendelea kusoma. Watu wengi wenye "malaria sugu" wanapimiwa mabaki hayo.

Kuna wanaosema bora kutibu bure kuliko kuacha mtu afe. Ningeliheshimu neno hilo kama dawa zingekuwa hazina mwisho. Chloramphenicol, ampicillin na cotrimoxazole ndizo zilizokuwa zikitibu taifodi zamani. Aina ya bakteria isiyosikia dawa hizo imekwisha kuenea Afrika Mashariki. Tukakimbilia ciprofloxacin na sindano za ceftriaxone. Mkoani Sindh, Pakistan, tangu 2016 kumekuwa na taifodi isiyosikia hata hizo. Kwa vidonge, iliyobaki ni azithromycin. Kila dozi ya ciprofloxacin anayopewa mtu mwenye mafua haiendi bure. Inawafundisha bakteria waliomo tumboni mwake namna ya kuishi nayo, na siku mtoto wa jirani atakapopata taifodi ya kweli, atakutana na waliokwisha fundishwa.

Hasara nyingine haisemwi sana nayo inaniuma zaidi. Kila "taifodi" inayoandikwa huingia kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za vituo vya afya, hujumlishwa wilayani, hupanda mkoani. Kama kila kata ina taifodi tele, basi hakuna kata inayojitokeza. Mtaa ambao bomba la maji limepasuka karibu na choo hauonekani tena, umezama kwenye lundo la karatasi za Widal. Sasa kuna chanjo nzuri, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018 hata kwa watoto wachanga kuanzia miezi sita. Malawi wakaianza mwaka 2023 na Kenya mwaka 2025. Kuamua wapi ianzie kunahitaji kujua ugonjwa uko wapi, na sisi tumejizibia dirisha kwa mkono wetu.

Siwalaumu wataalamu wa maabara. Wengi wanajua haya kuliko mimi. Mgonjwa amesafiri, ametoa hela, anataka jina la kwenda nalo nyumbani, na kituo hakina kingine cha kumpa. Kuotesha damu kunataka chupa maalumu, mililita nane hadi kumi kwa mtu mzima, ichukuliwe kabla hajameza antibayotiki yoyote, kisha siku kadhaa za kusubiri. Hata hivyo nako huwakosa wengi: hukamata kama nusu ya wenye taifodi, au kupita kidogo. Lakini kinachoota pale ni bakteria wa mgonjwa mwenyewe, na unaweza kuwajaribishia dawa ukaona ipi inawaua. Hilo ndilo tunalopaswa kulidai kwa wabunge na halmashauri zetu, walau kwenye kila hospitali ya mkoa, pamoja na maji safi ambayo yakipatikana taifodi huondoka bila kubembelezwa. Na mpaka hapo yatakapopatikana, kuna kipimo kisichohitaji umeme: kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, anakula nini, anaishi na nani, na anaishi na nini.

Mjomba wangu ni mfugaji wa mbuzi. Kwa miezi tisa, kwenye vituo vitatu, hakuna aliyemuuliza. Aliulizwa hospitali ya rufaa, na daktari kijana aliyevuta kiti akakaa naye. Akasema ndiyo, maziwa anakunywa mabichi, ndivyo alivyozoea. Ndiyo, mbuzi akishindwa kuzaa humsaidia kwa mikono mitupu. Na ndiyo, mwaka ule kadhaa walikuwa wametupa mimba. Daktari akaagiza damu ioteshwe na kuwaambia maabara wasiitupe chupa mapema. Ikaota baada ya siku kadhaa: brusela. Akapewa dawa mbili za kumeza kwa pamoja, wiki sita mfululizo, na akaambiwa achemshe maziwa. Ciprofloxacin alizokuwa amepewa kwenye vile vituo vya mwanzo huenda zilikuwa zinamtuliza bakteria kidogo bila kumwondoa, ndiyo maana kila mara alipata nafuu ya wiki mbili na kuamini.

Leo anachunga tena. Ule mfuko wa nailoni aliniachia mimi. Na kwenye vitabu vya vile vituo vitatu, kwa ile miezi tisa, mjomba bado ni wagonjwa wanne wa taifodi.